Kuamka usiku na mkojo kuvuja baada ya miaka 50: ni wengi kiasi gani, na kipimwe nini kwanza

Swali: Mimi ni mama wa miaka 56, mume wangu ana 63, tunaishi Morogoro. Yeye kwa mwaka mzima sasa anaamka mara tatu kila usiku kwenda haja ndogo, na anasema mkojo unatoka kwa kusuasua. Mimi nikikohoa, nikicheka sana au nikinyanyua ndoo, mkojo unanitoka kidogo. Sote wawili tumeshameza dawa za UTI zaidi ya mara moja. Majirani wanasema ni uzee tu, tuzoee. Je, watu wa umri wetu wenye hali hii ni wengi? Na tuanzie wapi?

Jibu: Mama, mko wengi mno. Mwaka 2007 na 2008 watu wapatao 30,000 wenye miaka 40 na kuendelea waliulizwa kuhusu mkojo wao kwa njia ya intaneti huko Marekani, Uingereza na Uswidi. Asilimia 72.3 ya wanaume na asilimia 76.3 ya wanawake walikuwa na angalau dalili moja inayowajia mara mojamoja au zaidi. Walipohesabiwa wale tu ambao dalili inawajia mara nyingi, wakabaki asilimia 47.9 ya wanaume na 52.5 ya wanawake. Wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya wazee wa kiume watazame tena tarakimu hizo: wanawake wako mbele.

Ona pia jinsi hesabu inavyobadilika swali likibadilika. Utafiti mwingine uliochapishwa 2006, wa watu zaidi ya 19,000 wa Kanada, Ujerumani, Italia, Uswidi na Uingereza, wa miaka 18 na kuendelea, ulikuta karibu nusu wanaamka angalau mara moja usiku kukojoa. Wanaoamka mara mbili au zaidi walikuwa wanaume 21 hivi na wanawake 24 katika kila 100. Kuamka mara moja kwa kawaida hakumsumbui mtu wala si ugonjwa. Kuanzia mara mbili ndipo usingizi unaharibika, na ndipo wazee wanapoanguka gizani wakielekea chooni. Mumeo yuko upande huu wa pili.

Afrika nako kumepimwa. Jijini Accra, Ghana, wanaume 950 wa miaka 50 hadi 74 walichunguzwa, na matokeo yakatoka 2012. Daktari alipopapasa tezi dume kwa kidole, zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa na tezi iliyokua. Lakini waliokuwa na dalili za kiwango cha kati au kikali walikuwa mmoja tu katika watano. Shika jambo hilo, maana lina faida kubwa kwa mumeo: tezi kubwa haileti dalili kubwa kila mara, na anayeamka usiku si lazima awe anaamshwa na tezi.

Kwa hiyo majirani wamepatia nusu. Umri unaongeza dalili hizi, hilo ni kweli. Ila wengi kupatwa na kitu hakumaanishi kwamba hakitibiki, na sehemu kubwa ya mnayoyaeleza inapungua bila upasuaji, nyingine hata bila kidonge. Kinachokwamisha watu ni kutibiwa kabla ya kupimwa. Mtu anasema "mkojo unanisumbua", anapewa antibiotiki dukani, anarudi baada ya mwezi, anapewa nyingine. Hakuna aliyejua anakojoa kiasi gani, saa ngapi.

Anzeni na daftari la siku tatu

Kabla ya dawa yoyote, kila mmoja wenu aandike mkojo wake kwa siku tatu mchana na usiku. Si lazima siku zifuatane, ila ziwe siku za kawaida. Msichague siku ya safari wala ya sherehe, na kama ni Ramadhani subirini iishe, maana maji yote ya siku yakinywewa kati ya futari na daku, usiku lazima uwe wa kukojoa.

Tumieni jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, kila mtu na lake. Kama halipo, kateni chupa ya maji ya lita moja na nusu sehemu ya juu, mimineni ndani maji ya chupa ya nusu lita, wekeni alama ya 500 kwa kalamu isiyofutika, kisha gaweni chini yake kwa kila mililita 100. Kila mkojo uandikwe saa na kiasi. Andikeni pia mlichokunywa na kiasi chake (chai, uji, supu na soda vyote vinahesabika), saa ya kupanda kitandani, saa ya kuamka, na kila mara mkojo ulipovuja pamoja na ulichokuwa unafanya dakika ile. Neno "kukohoa" au "nilikuwa nafungua mlango" linamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Mtu mzima mwenye afya hutoa kama lita moja hadi mbili kwa saa 24, kwa safari zisizozidi nane hivi, na kibofu hubeba mililita 300 hadi 500 kabla ya kulazimisha. Sasa tuseme daftari la mumeo linaonyesha alikojoa saa sita usiku mililita 300, saa nane 250, saa kumi 250, na alipoamka asubuhi 200. Jumla ya usiku ni 1,000. Mkojo wa asubuhi unahesabiwa wa usiku kwa kuwa ulitengenezwa amelala, lakini ule aliokojoa kabla ya kulala hauhesabiwi. Ikiwa jumla ya saa 24 ni 2,000, basi nusu ya mkojo wake unatengenezwa usiku. Kwa watu waliovuka miaka 65, ukizidi theluthi moja, figo zinatoa maji mengi mno usiku. Kwa vijana mpaka ni kama sehemu moja ya tano, na kwa miaka 63 yuko karibu zaidi na hesabu ya wazee. Hapo dawa ya tezi dume peke yake itamsaidia kidogo sana, kwa sababu kibofu kinabeba vizuri ila kinajazwa.

Ikiwa badala yake anaamka mara hizohizo lakini kila mara anatoa mililita 80 au 100, maji si tatizo. Kibofu ndicho kinachokataa kubeba, au hakimwagi chote na nafasi inabaki ndogo. Na kama mchana na usiku vyote vinatoa mkojo mwingi, jumla ikapita lita tatu kwa siku, apimwe sukari kabla ya kitu kingine chochote.

Mkojo mwingi wa usiku unatoka wapi

Mara nyingi unatoka miguuni. Mtu akikaa au kusimama kutwa, maji hujikusanya kwenye vifundo vya miguu. Akilala, maji yale yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, naye anaamka. Mwambie abonyeze ngozi juu ya mfupa wa mguu wake jioni kwa kidole kwa sekunde kumi. Pakibaki shimo, chanzo kinaweza kuwa hapo. Amlodipini, dawa ya presha wanayotumia watu wengi, huvimbisha miguu kwa baadhi yao. Moyo dhaifu na figo zilizochoka hufanya hivyo pia, ndiyo maana uvimbe wa miguu haupuuzwi.

Kila alasiri, kwa muda wa saa moja au mbili, alaze miguu juu ya mto, usawa wa moyo, ili maji yatoke kabla ya kulala. Kama anatumia vidonge vya kutoa maji mwilini kama furosemidi, amwulize daktari kuhusu saa ya kumeza: kumeza alasiri, kama saa sita kabla ya kulala, mara nyingi kunamaliza kazi kabla ya usingizi, wakati kumeza usiku ni kujinyima usingizi kwa mkono wake mwenyewe. Asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake. Kubadilishiwa ni jambo dogo, kiharusi si jambo dogo.

Chumvi nayo ina mkono wake. Watafiti wa Nagasaki, Japani, walitangaza mwaka 2017 kwamba watu waliopunguza chumvi kutoka gramu 10.7 hadi 8 kwa siku walishuka kutoka kuamka mara 2.3 hadi mara 1.4 kwa usiku. Kwa jikoni zetu maana yake ni kuacha chumvi ya mezani, kupunguza dagaa na samaki wa chumvi jioni, na kutoongeza vidonge vya kiungo kwenye mchuzi ambao tayari una chumvi.

Vinywaji asikate jumla. Watu wengi hujinyima maji wakidhani wanaponya kibofu, kisha mkojo unakuwa mzito, unakereketa, na choo kinakuwa kigumu, jambo linalozidisha yote. Anywe lita moja na nusu hadi mbili, zaidi siku za joto au za shamba, lakini nyingi ziingie kabla ya saa kumi jioni, na saa mbili au tatu kabla ya kulala afunge kunywa. Chai na kahawa za jioni zihamie asubuhi. Na ukimsikia anakoroma sana na pumzi inakatika kwa muda kisha anashtuka, mweleze daktari: kukosa pumzi usingizini huzifanya figo zitoe maji mengi usiku, na wengi hawajui kwamba koo na kibofu vinahusiana.

Mkojo unaosuasua

Hapa ndipo tezi dume inaingia. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu. Karibu nusu ya wanaume wa miaka ya hamsini, na takriban tisa katika kumi wa miaka ya themanini, tezi yao ikichunguzwa kwa hadubini ina dalili za kukua. Kukua huku si saratani wala hakugeuki kuwa saratani.

Hospitali hupima uzito wa dalili kwa maswali saba yanayohusu mwezi uliopita, kila moja alama 0 hadi 5: kuhisi kibofu hakijaisha, kurudi chooni kabla ya saa mbili kupita, mkojo kukatikakatika, kuona vigumu kuahirisha mkojo, mkondo dhaifu, kujikamua ili uanze, na idadi ya kuamka usiku. Alama 0 hadi 7 ni dalili ndogo, 8 hadi 19 za kati, 20 hadi 35 kali. Afadhali ajihesabu nyumbani kwa utulivu kuliko kukisia mbele ya daktari foleni ikiwa ndefu. Mwenye alama ndogo asiyesumbuka anaweza kabisa kukaa bila dawa na kupimwa tena baada ya miezi sita au mwaka. Utafiti wa Marekani wa wanaume 3,047 uliochapishwa 2003 uliwafuatilia kwa wastani wa miaka minne na nusu. Katika waliopewa kidonge kisicho na dawa, ni kama 17 tu katika 100 hali iliyozidi kuwa mbaya.

Dalili zikiwa za kati na zinamkera, dawa ya kwanza mara nyingi ni tamsulosini miligramu 0.4 mara moja kwa siku, baada ya mlo uleule kila siku. Inalegeza misuli ya shingo ya kibofu, na matokeo huonekana ndani ya siku chache hadi wiki nne. Siku za mwanzo anyanyuke kitandani polepole, maana presha inaweza kushuka akapata kizunguzungu. Shahawa zinaweza kupungua au zisitoke. Hali hiyo haimdhuru, ila aambiwe mapema asije akaacha dawa kwa hofu. Akipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, amwambie daktari wa macho kwamba anaitumia au aliwahi kuitumia. Finasteridi ni ya tezi iliyokua sana, huipunguza polepole, na huhitaji kama miezi sita. Hiyo hushusha kwa nusu kipimo cha damu cha PSA (protini ya tezi dume inayopimwa katika kutafuta saratani), kwa hiyo anayesoma majibu lazima ajue.

Kuhusu PSA yenyewe: saratani ya tezi dume ikiwa changa mara nyingi haigusi mkojo kabisa, hivyo kukojoa vizuri si cheti cha usalama. Wanaume wenye asili ya Afrika na wale ambao baba au ndugu aliugua wako kwenye hatari zaidi, na ni vyema wazungumze na daktari juu ya kipimo hicho kuanzia miaka 45 hivi. Asipime akiwa na maambukizi ya mkojo au mara tu baada ya kuwekewa mpira wa mkojo, maana kipimo kitapanda bila sababu ya saratani.

Tahadhari moja ya haraka. Dawa za mafua zenye sudoefedrini au klorofeniramini, na vidonge vya amitriptilini, vinaweza kumfungia mkojo kabisa mtu ambaye mkondo wake tayari ni dhaifu. Akienda duka la dawa kwa ajili ya mafua, aseme kwanza kwamba mkojo wake unasuasua.

Na wewe, mama

Mkojo unaotoka ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua ndoo unatokana na misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kwa chini, kulegea, hasa baada ya uzazi na baada ya hedhi kukoma. Ungekuwa unabanwa ghafla ukashindwa kufika chooni, hilo lingekuwa tatizo jingine lenye tiba nyingine. Wanawake wengi wanayo yote mawili, na daftari lako litasema lipi linaongoza.

Tiba ya kwanza ni mazoezi, na yanafanya kazi yakifanywa sawasawa. Kaza kana kwamba unazuia hewa ya tumboni isitoke nyuma, na papo hapo unazuia mkojo. Utahisi kitu kinavutwa ndani na juu. Tumbo libaki laini, makalio yasibane, pumzi iendelee. Ukijikuta umeshika pumzi, unasukuma chini badala ya kuvuta juu, na hilo linazidisha kuvuja. Shika hadi sekunde nane au kumi, anza na tatu kama ndiyo nguvu yako, kisha legeza kwa muda uleule. Fanya mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu kamili. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema hayasaidii, wakati misuli ndiyo kwanza inaanza kujenga nguvu. Usiyafanye kwa kukatakata mkojo ukiwa chooni, kwani kibofu kinajifunza kutomaliza. Na jizoeze kukaza sekunde moja kabla ya chafya, kikohozi au kunyanyua ndoo. Kwa wengine tofauti inaonekana kwa hilo pekee hata kabla misuli haijapata nguvu.

Kama uzito umezidi, kuupunguza ni tiba pia. Katika jaribio la Marekani la wanawake 338 lililochapishwa 2009, waliopunguza asilimia 8 hivi ya uzito wao walipungukiwa na matukio ya kuvuja kwa asilimia 47 kwa wiki, ikilinganishwa na 28 kwa wale waliopewa elimu tu. Kwa mtu wa kilo 85 hiyo ni kama kilo saba. Tibu kikohozi cha muda mrefu na choo kigumu, maana kujikamua kila siku kunabomoa kile unachokijenga kwa mazoezi. Ndoo ya lita 20 igawe mara mbili.

Ukigundua kwamba kubanwa ghafla ndiko kunakoongoza, zoeza kibofu: kama unakwenda kila saa, vuta hadi saa moja na robo kwa wiki nzima, kisha ongeza dakika 15 nyingine, hadi ufikie saa tatu. Toa wiki sita angalau. Ukavu wa uke baada ya hedhi kukoma huongeza kubanwa na kuungua, na krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni husaidia; inahitaji ushauri wa daktari. Ukihisi kitu kinashuka ukeni, kizazi kinaweza kuwa kimeshuka, na hilo linahitaji kuchunguzwa.

Kuhusu dawa za UTI

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Maambukizi halisi huja kwa siku chache, mkojo unachoma, pengine pana homa au maumivu chini ya kitovu. Kuamka mara tatu kwa mwaka mzima, au kuvuja unapocheka, si picha ya maambukizi. Tena wanawake wenye umri mkubwa mara nyingi huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuumwa, na hao kwa kawaida hawapewi dawa hata kipimo kikionyesha bakteria, kwa sababu dawa haiwapunguzii dalili ila inawajengea vijidudu sugu. Mtu akishatumia antibiotiki mara mbili bila nafuu, kinachofuata ni kuotesha mkojo maabara, ili ionekane kama kuna kijidudu na dawa gani inakiua. Kozi ya tatu haina maana kabla ya hapo.

Damu kwenye mkojo, hata ikionekana mara moja na bila maumivu, lazima itafutiwe chanzo. Waliokulia Unguja, Pemba, ukanda wa pwani, au Shinyanga na maeneo ya Mwanza yenye mabwawa na mashamba ya mpunga, wanaweza kuwa na kichocho cha kibofu cha tangu utotoni. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo, lakini kovu lililokwisha kujengeka kwenye kibofu linabaki, na kichocho cha miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Ndiyo maana damu haitibiwi kwa kukisia.

Nendeni hospitali siku hiyohiyo mkojo ukigoma kabisa kutoka huku tumbo la chini limejaa na kuuma, kukiwa na homa yenye kutetemeka na maumivu ya ubavuni, au miguu ikilegea na sehemu za siri zikifa ganzi. Na kuna dalili moja ambayo familia huificha kwa aibu: mwanamume mzima akianza kulowesha kitanda. Mara nyingi kibofu chake kimejaa bila yeye kuhisi na kinamwagikia, na mkojo ule unarudi nyuma kuharibu figo kimyakimya. Huyo asisubiri daftari la siku tatu.

Vinginevyo, mkimaliza daftari nendeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya mkiwa nalo, pamoja na pakiti za dawa zote mnazomeza, za asili nazo. Ombeni kipimo cha mkojo na cha sukari kwa wote wawili. Kwa mumeo ongezeni kipimo cha figo cha damu, uchunguzi wa tezi, na altrasaundi inayopima mkojo uliobaki kibofuni baada ya kukojoa. Aende kwenye altrasaundi akiwa amebanwa kiasi, apimwe, akojoe kama kawaida, kisha apimwe tena ndani ya dakika chache. Akibakiza chini ya mililita 100 hivi kibofu kinamwaga vizuri. Ikizidi 200 au 300, hasa ikirudiwa siku nyingine na kutoka vilevile, aombe rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo.